Salamu ya Mwamini

Wazo likimkaa kichwani Mwalimu Asmani, hata mkewe hawezi kulitoa. Mdachi alikuwa ameshapandisha bendera yake ziwani, na mwalimu aliogopa vitu vya kale visije vikabebwa kabla sisi watoto wa chuo chake hatujaviona. Akatukusanya, wavulana kwa wasichana, tukapanda kutoka Rumonge kwenda Bugarama kuitazama nyumba ya ngoma. Ilijengwa enzi za wafalme wa kwanza, na mikuki na shanga zao zilihifadhiwa humo.

Mwenzetu Mwamini alikuwa na hamu kuliko sote. Mama yake, Wema, alizaliwa katika boma lenye nyumba hiyo. Alipoolewa na mvuvi akasilimu, kwao walimfungia mlango, wala hakusalimiwa tena. Asubuhi ile alimwambia binti yake, "Uingie. Ukiingia weye, na mie nimeingia."

Sasa, adabu ya kwetu ufukoni, huendi kwa watu mikono mitupu. Tukabeba kapu la ndagala wakavu wa Magara, wazuri kabisa. Akili zetu hizo: kuwapelekea samaki wafugaji wa ng'ombe. Mlinzi wa lango, mwanamume mrefu mwenye mkuki, alitunusa kabla hatujafika.

"Mutu wa kula samaki haingie hapa," akasema. "Ngombe itakauka maziwa. Murudi."

Mwalimu alimwomba sana. Mlinzi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Wenzangu wakaanza kugeuka.

Mwamini hakugeuka. Alisogea kwenye ua wa miti akaimba. Ilikuwa akazehe, salamu ya wanawake wa mlimani: mmoja huanza, mwenziwe hujibu, sauti zikipokezana. Mama yake alimfundisha wakichambua maharage. Mlinzi akashusha mkuki, maana salamu hiyo si ya wanaume, na kuiacha bila jibu ni aibu ya nyumba nzima.

Aliimba, akanyamaza pa kujibiwa. Kimya. Akaimba tena, nami kwa hasira nikataka kuwarushia kapu lao.

Ndipo akajibu kikongwe mmoja kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, lakini hakukosea pa kuingilia. Alikuja akiimba mpaka langoni, akiuliza kwa wimbo: wewe binti wa nani? Mwamini akaimba jina ambalo mama yake aliitwa kabla ya kusilimu: Nahimana.

Bibi akashika nguzo ya lango. Wimbo ulimkatika.

"Mutoto wangu iko muzima?"

"Iko muzima. Anakusalimia."

Bibi akamgeukia mlinzi. "Fungua. Huyu ni wa hapa, na wenzake ni wageni wake."

Tukaingia, watu wa samaki, vifua mbele. Tuliziona ngoma, mikuki na shanga, na furaha yangu siku ile sijaipata tena. Bibi hakuuachia mkono wa Mwamini hata kidogo. Tulipoaga akamwambia, "Mama yako aje. Nitamujibu mwenyewe."

Kesho yake Wema alipanda mlima mchana kweupe, sisi sote nyuma yake, na alianza kuimba kabla hajaliona lango.