Kontena Lisilo na Tundu

Mussab Awadh aliamka akadhani amepofuka. Akafumbua macho, akayafumba, akayafumbua tena. Kiza ni kilekile. Kisha akasikia komeo la chuma likishuka mahali pake, na usingizi wote ukamruka.

Alikuwa ndani ya kontena tupu, katika yadi ya Changamwe anakofanya kazi, na aliyemfungia ni Kefa, mwenzake wa miaka mingi. Wala Kefa hana lawama. Wakaguzi wa yadi ile wakishaswali adhuhuri na kula, hujinyoosha ndani ya kontena lililo kivulini, na desturi ni moja: viatu unaviacha mlangoni, kama msikitini. Anayepita akiona viatu anajua ndani kuna mtu, mlango haugusi. Ndivyo walivyoishi kwa raha zao, hadi alipokuja Valarie, msimamizi mpya aliyetaka wakubwa wamwone, akawa anapita na simu yake akivipiga picha viatu. Mwenye viatu akaitwa ofisini. Wawili walioitwa hawakuonekana tena. Basi leo Mussab, mtu mzima na ndevu zake, akajiona mjanja: akaingia na viatu vyake mkononi.

Aliinua ngumi agonge. Nje akasikia sauti ya Valarie.

"Hili limekaguliwa?"

"Limekaguliwa, madam," Kefa akajibu. "Mzee Mussab alilipitisha asubuhi."

"Na yeye yuko wapi?"

Kefa akakohoa. "Ameenda msalani."

Ngumi ikabaki hewani. Akigonga sasa atatoka na usingizi usoni mbele ya yule mama, na kazi imekwenda. Nani atamwajiri mtu wa umri wake, ambaye ujuzi wake wote ni kuingia ndani ya masanduku matupu kutafuta matundu? Bora anyamaze. Valarie akiondoka, atamwita Kefa polepole.

Akanyamaza. Jasho likamtiririka hadi kiunoni. Alikuwa bado amenyamaza mashine ya kunyanyulia makontena ilipokuja ikinguruma na kulishika kontena lake.

Sakafu ikainuka. Mussab akaanguka, akateleza hadi ukutani, na hapo ndipo alipopiga ukelele. "Kefa! Ya Latifu! Kefa, nimo humu!" Alipiga ukuta kwa kiatu, kwa ngumi, kwa kichwa. Ile ngurumo ilimeza kila kitu. Kontena likazunguka angani, likashuka, likatua kwa kishindo juu ya lori.

Alijua linakokwenda. Makontena ya asubuhi ile yalikuwa ya kupelekwa bara, kuwekwa tu mahali hadi yatakapohitajika, na hakuna anayefungua kontena tupu.

Akainua uso kutafuta mwanga. Kazi yake ndiyo hiyo kila siku: Kefa humfungia makusudi, naye husimama gizani akitazama juu, na jua likipenya popote, hapo pana tundu, anapaweka alama ya chaki. Aliipenda kazi hiyo. Alikuwa akijisifu kwamba kontena alilolipitisha yeye halivuji hata tone. Sasa akatazama paa lote, pembe zote, mpira wa mlango. Hakuna mwanga hata wa tundu la sindano. Amelikagua vizuri, mwana wa watu.

Akagonga tena, safari hii kama mwendawazimu.

Nje mtu alipiga yowe. Alikuwa Munga, dereva wa lori, aliyekuja nyuma kutia sili ya kufungia mlango. "Mulungu wangu! Kontena lina jini!" Akakimbia. Mussab akamsikia akirudi na watu, miguu mingi, kila mmoja akisema lake.

"Kama u mtu," Munga akapaza sauti kutoka mbali, "taja jina lako na la mamayo!"

Mussab akafungua kinywa.

"Ni chuma kinapasuka kwa joto," Valarie akasema hapo nje, karibu kabisa. "Hili limeandikwa tupu. Tia sili, gari iende."

Na Mussab, aliyekuwa anakufa, akasita. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na pumzi yenyewe ilikuwa haba, aliwaza: nikitaja jina, amenipata. Akajisikia akiwaza hivyo, na hapo akaogopa kuliko alivyoogopa kiza.

"Mussab! Mussab bin Awadh! Mamangu ni Jalila! Fungueni!"

Mwanga ukamwingia machoni kama pilipili. Kefa alimbeba begani akilia waziwazi. Valarie alikuwa amekauka midomo, naye akatazama kamera iliyo juu ya nguzo kabla ya kumtazama Mussab.

"Kanywe maji," akamwambia kwa sauti ya chini. "Halafu rudi kazini. Jambo hili halikutokea. Tumeelewana?"

"Ndiyo, madam," Mussab akajibu.

Jioni, nyumbani kwao Junda, mkewe Raihana alimkanda mikono iliyovimba kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi. Mussab alimsimulia yote, ila alipofika pale pa mlango kufungwa akapapitia mbio.

"Kefa alipokufungia, ulikuwa wamsikia?" Raihana akauliza.

"Nalimsikia."

"Na hukuita?"

"Msimamizi alikuwa papo."

Kitambaa kikasimama juu ya vidole vyake. "Ungalikufa, Baba Shaza."

"Najua."

"Basi kesho huendi. Wallahi huendi."

Mussab akaivuta mikono yake polepole, akaikausha kwa shuka. "Kesho nataka niwahi," akasema. "Niamshe mapema, nisije nikachelewa."

Raihana akainama juu ya beseni, akalia.