Kisanduku cha Harufu

Abiria wa kwanza wa basi la kijani walikuwa viroba vya mchanga. Vilikaa viwili viwili kwenye viti, vimekabwa shingo kwa kamba za plastiki, na vingine vimesimamishwa njiani hadi nyuma kabisa, kupita pale katikati ambapo basi lina kiungo cha mpira kilichokunjamana kama feni ya karatasi. Vilikuwa mia na hamsini. Kila kimoja kilo sitini, uzito wa mtu, ndivyo walivyotuambia. Nilipanda nimekumbatia mkoba wangu kifuani, nikajikuta navipita kwa adabu, nimeinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya waliokaa msibani.

"Hawa hata salamu hawaitikii," akasema Bu Kasmirah, yaani Mama Kasmirah, nyuma yangu. Akakipiga kimoja tumboni. "We mzee, sogea bwana. Nauli ya mtu mmoja, umekalia viti viwili!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mwanangu Jarot alikuwa kwenye usukani, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, shingo imesimama kama ya jogoo kabla hajawika. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikitazama kisogo chake, nikaona ile alama ya kovu aliyoipata akiwa mdogo, nikasema moyoni, Mungu, mlinde huyu.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliomba siku ile. Nilipaswa kuomba ujasiri wangu mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la sita. Ukiona sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe, lakini usiache kusoma. Naandika kwa ajili ya mama atakayeitwa kama nilivyoitwa mimi, akaambiwa jiji linanunua mabasi makubwa, wewe ni mwakilishi wa abiria, njoo uchague. Atafurahi. Atatafuta kitambaa chake kizuri cha kichwani. Mimi nilitafuta changu siku mbili.

Mji wetu una kichwa na una miguu. Kichwa kiko vilimani, kwenye hewa; miguu iko chini, imelowa maji ya bahari kila mwezi ukijaa. Kati ya kichwa na miguu kuna mteremko wa Watulawang, kilomita tatu na kona nne, na ukimaliza mteremko unaingia sokoni. Hapo chini, kwenye kona ya mwisho, niliuza mikate ya soya miaka ishirini na miwili. Kila siku malori yalishuka na kusimama mbele ya meza yangu, magurudumu yanafuka moshi wa breki, madereva wanaruka chini wakiita maji, maji! Jarot alikulia hapo. Kabla hajajua kusoma alishajua lori lipi limwagiwe maji na lipi liachwe lipoe lenyewe, maana chuma chenye moto sana ukikimwagia maji kinapasuka. Alijua kwa pua. Sote wawili tulijua kwa pua.

Mabasi ya kuchagua yalikuwa mawili. Jeupe lilijaribiwa Jumatatu. Milango yake ilikuwa myembamba, ubaridi wake hafifu, na ukiagiza unasubiri karibu mwaka. Lakini Jarot aliporudi nyumbani jioni ile alisema, huku akila, "Mak, lile jeupe lina breki ya pili. Unabonyeza kitufe, linajishika lenyewe, mguu unapumzika. Unashuka Watulawang kama unashuka kitandani."

"Na la kijani?"

"La kijani sijui. Kesho." Akatabasamu. "Ila la kijani ni zuri, Mak. Utaliona. Ukilitazama unataka kuvua viatu."

Jumanne, basi jeupe halikuwepo tena uwanjani. Siku yake tulipewa maji ya chupa tu. Siku ya la kijani tulikuta hema, na chini ya hema mlima wa wali wa manjano, umezungukwa na kuku, mayai, na kachumbari ya majani ya mihogo na nazi. Vioo vya pembeni vya basi vilikuwa vimevikwa taji za asumini.

Bu Kasmirah, ambaye aliuza maua sokoni meza ya tatu kutoka kwangu, akayakagua yale maua kwanza kabla ya basi. Akanivuta mkono. "Wagini, bwana harusi ameshavishwa. Sisi tumeitwa kula, siyo kuchagua."

"Nyamaza, watakusikia."

"Wanisikie. Asumini yenyewe ya juzi."

Kwetu mlima wa wali huliwa jambo likishakamilika, au kuliombea jambo ambalo tayari watu wameliafiki. Haukatwi kabla ya watu kukubaliana. Nililiona hilo. Kila mtu aliliona, hata wale wazee wawili wa mtaa wa juu ambao macho yao hayaoni vizuri. Hakuna aliyesema. Pak Guritno, mkuu wa ofisi ya mabasi, mwanaume mpole anayeongea kama anambembeleza mgonjwa, alichukua kisu akakata kilele. Kilele hupewa mtu wa kuheshimiwa. Nilidhani atampa msaidizi wa meya aliyekaa kiti cha mbele. Akampita. Akawapita wenye kampuni waliovaa mashati meupe. Akaja kwangu na sahani mikono miwili.

"Kwa Bu Wagini," akasema, "mama wa dereva wetu. Mama akiridhika, jiji limeridhika."

Wakapiga makofi. Nikapokea. Katika maisha yangu yote sijawahi kupewa kilele, hata siku ya harusi yangu. Nilikila chote, punje kwa punje, na kila punje ilishuka na sehemu ya sauti yangu.

Ndipo tukapanda, sisi wawakilishi kumi na mmoja na viroba mia na hamsini.

Kona ya kwanza basi lilishuka kama maji kwenye jani. Ubaridi ulikuwa mtamu, viti havikulia, dirisha lilikuwa pana kiasi kwamba bahari yote iliingia ndani. Kona ya pili viroba vilianza kusogea, vyote kwa pamoja, polepole, vikiegemea mbele kwetu. Mchanga ukatoa sauti ndogo, kama watu wengi wanaonong'ona bila kutaka kusikika. Kona ya tatu nikaisikia.

Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na nyuma yake harufu ya chuma.

Bu Kasmirah alivuta kitambaa chake puani. "Nani kaunguza nini?"

Mmoja wa mashati meupe akageuka, akatabasamu. "Basi jipya, Bu. Mafuta ya kiwandani yanakauka. Likitumika siku mbili, tatu, harufu inaisha."

"Aaa," wakasema wazee wa mtaa wa juu. "Mafuta."

Nilitazama mguu wa kulia wa mwanangu. Ulikuwa unakandamiza, unaachia, unakandamiza, na kila mara ulizama zaidi ya mara iliyopita. Kisha nikatazama kioo cha juu. Macho yake yalikuwa ndani ya kioo, yananisubiri. Sikuwahi kuyaona macho yale tangu alipokuwa na miaka minne, siku alipopotelea sokoni na mimi nikamkuta.

Chini ya mteremko walikuwa wamechora mstari mweupe wa kusimamia. Jana yake basi jeupe lilisimama pua yake juu ya mstari. La kijani liliupita mstari kwa urefu wake wote, ndipo likasimama. Pak Guritno alipiga makofi. Tulipiga makofi.

Jarot alinishika mkono nikishuka. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

"Umeisikia?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeisikia, Mak. Usiseme."

"Jarot..."

"Usiseme, nakuomba. Tumeomba madereva sitini. Wanachukua ishirini. Nitashuka kwa gia ndogo, nitakuwa makini, mimi si mlevi wala si mjinga. Usinitie aibu mbele ya watu waliokupa kilele."

Tulirudishwa chini ya hema, tukapewa kila mtu karatasi. Sisi Wajava hatupendi kuhesabu mikono, huyu ndiyo, huyu hapana. Tunakaa mpaka tuwe kitu kimoja, na anayebaki peke yake na neno lake huonekana kama mtu aliyetema mate kwenye sahani ya wote. Karatasi ilikuwa na maswali tisa. La saba liliuliza kama kuna harufu isiyo ya kawaida. Kisanduku cha kushoto: ipo. Kisanduku cha kulia: hakuna.

Kalamu yangu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Bu Kasmirah akachungulia.

"La saba wewe umeweka nini?"

Nikaweka alama upande wa kulia. "Hakuna."

"Basi na mimi hakuna," akasema, akaandika. "Wewe ndiye unayezijua harufu za pale. Mimi najua maua tu."

Mama unayesoma, hapo ndipo palipo na yote. Usiende mbali kutafuta. Si mteremkoni, si kiwandani walikolitengeneza. Ni pale mezani, na kalamu ya bure.

Mabasi ya kijani yalikuja kabla ya sikukuu ya jiji, ishirini, yakapangwa barabarani yakipepea bendera. Jarot akapewa namba tisa. Kwa miezi minne nililala vizuri usiku na kuhangaika mchana. Kila basi lililofika kwenye kona ya mwisho nilisimama na ubao wangu wa kukatia mkononi mpaka lisimame, ndipo nikakaa. Wateja wakanizoea. "Bu Wagini anahesabu mabasi," walisema. Nilipomuuliza Jarot alijibu, "Salama, Mak," na baadaye akaacha kujibu, akawa anaosha tu soli ya kiatu chake cha kulia, kile cha kukanyagia breki, na kukianika.

Ilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi, mvua imetoka kukatika. Niliisikia honi kabla ya kuliona basi. Honi ndefu, isiyopumua. Likatokea kwenye kona ya tatu limejaa watu mpaka milangoni, watu wa kweli, na vikapu vyao. Soko lilikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa mbele yake. Na nikaona pua ya basi ikigeuzwa kushoto, kwa makusudi, polepole, mwanangu akiliegemeza basi kwenye ukuta wa mawe wa mtaro, na basi likaukwangua ukuta ule likitoa cheche na mlio ambao sina neno lake, mita mia mbili nzima, likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama hatua thelathini kutoka mezani kwangu.

Watu mia na hamsini na kitu walishuka hai. Jarot alivunjika mguu chini ya goti. Bu Kasmirah alikuwa amekaa kiti cha mbele upande wa ukuta, na kapu lake la asumini mapajani.

Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Siku ya tisa Pak Guritno alikuja nyumbani na kikapu cha matunda. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alilia, na nadhani alilia kweli. Kisha akajifuta.

"Wanakuja wachunguzi kutoka makao makuu, Bu. Tuseme mvua. Barabara ilikuwa na maji. Jarot si wa kulaumiwa, nami si wa kulaumiwa, na marehemu Bu Kasmirah hasemwi vibaya. Jarot akipona, kazi ya kukaa ipo stendi kuu, kwenye chumba cha ratiba. Mguu ule hautabonyeza kitu tena."

"Na mabasi mengine kumi na tisa?"

Alitazama matunda. "Yanafanyiwa ukaguzi, Bu."

Asubuhi ile nilikuwa nimeyaona matatu yakishuka. Madereva wake nawajua. Mmoja mama yake huniletea soya.

Nilipoitwa, mchunguzi alikuwa dada mmoja wa umri wa Jarot, mwenye miwani na mafua. Alipanga mezani karatasi kumi na moja. Hakuna, hakuna, hakuna, zote kumi na moja. Karatasi ya Bu Kasmirah niliitambua kwa mwandiko, maana herufi zake zilikuwa kubwa kama za mtoto.

"Bu, karatasi hizi zinasema siku ya majaribio basi halikuwa na tatizo lolote," akasema. "Nataka tu uthibitishe, kisha uende ukapumzike."

Nje nilisikia mtu akipita na magongo. Nilijua mwendo ule. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo siwezi kusema nusu, maana ataniuliza nani mwingine aliisikia, na aliyeisikia alisema nini. Leseni ya Jarot itakwenda. Kile chumba cha ratiba kitakwenda. Labda na yeye mwenyewe atakwenda.

"Harufu ilikuwepo," nikasema. "Kona ya tatu. Niliijua, na dereva aliijua. Dereva ni mwanangu. Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza."

Dada yule alivua miwani. "Rudia, Bu. Taratibu. Niandike."

Nikarudia taratibu. Akaandika kurasa nne, nikazisoma zote kwa kidole, nikaweka sahihi kila ukurasa.

Jarot alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mguu umenyooshwa mbele, magongo yamelala pembeni yake yamejaza nafasi yote. Hakuniangalia.

"Umesema mvua?"

"Hapana."

"Umenitaja?"

"Nimekutaja."

Ofisini mtu alikuwa anapiga simu, anataja namba za mabasi, moja moja, anataka yarudi yadi. Jarot alisikiliza mpaka namba ya mwisho. Kisha akayachukua magongo, moja kisha la pili, akayaweka chini sakafuni, nami nikapata pa kukaa.