Nilichomwambia Machibya Kuhusu Uzi wa Tano

Nilimdanganya Mzee Machibya mara mbili ndani ya dakika tano, tena kanisani, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika besi. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Ilikuwa 1995. Kwaya yetu ya Buhongwa ilikuwa inajiandaa kurekodi kaseti yake ya kwanza. Siku hizo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa majina tu tukawa tunavikuta madukani mjini, bado vimefungwa nailoni. Muumini wetu mmoja mfanyabiashara akarudi kutoka Dubai na gitaa la besi, jekundu, lenye nyuzi tano. Tulilizunguka kwaya nzima kama watoto. Sisi tuliijua besi ya Machibya tu, ya nyuzi nne, aliyobaki nayo bendi yao ya dansi kule Magu ilipovunjika.

Nimezipiga zote mbili, kwa hiyo nizitendee haki. Ile ya nyuzi nne shingo yake ni nyembamba, kiganja kinaizunguka bila taabu, na nyuzi zimeachana vizuri. Kidole kikiteleza hakimgusi jirani. Sauti yake ni fupi na safi, inakwenda sambamba na ngoma. Ile ya nyuzi tano shingo ni pana kama ubao wa kukatia mboga, nyuzi zimebanana, na baada ya nyimbo tatu kifundo cha mkono kinalalamika. Lakini ina ule uzi wake mnene wa juu kabisa, upande wa kidevu ukiwa umelivaa gitaa. Huo unashuka mahali ambapo ile ya nyuzi nne haifiki, mpaka mabenchi yanatetemeka.

Mwalimu wa kwaya, Kashindye, aliamua kwamba mimi na Machibya tupige wimbo mmoja kwa gitaa jipya mbele ya kamati, na atakayeliweza ndiye aende kurekodi. Majina ya wapigaji yangeandikwa kwenye jalada la kaseti. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na jina Luhaga lilikuwa halijawahi kuandikwa popote zaidi ya daftari la mahudhurio. Nililitaka jalada lile hadi usingizi ukanipotea.

Sasa, Machibya alikuwa na mtindo wake. Hakutazama shingo ya gitaa hata siku moja. Alihesabu nyuzi kwa dole gumba kuanzia juu, macho yake yakiwa kwa waimbaji, na alitufundisha hivyo hivyo, kwamba anayetazama vidole vyake wimbo unampita. Gitaa nilikuwa nalo mimi, nimepewa siku mbili kabla ili nilityuni, nikaze na kulegeza nyuzi mpaka zikae sawa. Yeye alifika kutoka shambani, akanawa mikono, akalivaa.

"Luhaga, huu wa tano wameuweka wapi?"

"Chini, mzee. Ule mwembamba wa mwisho. Hizo nne za juu ni zilezile zako."

Akagusa uzi wa juu, akauliza mbona mnene namna ile. Nikamjibu kwamba nyuzi za kisasa ndivyo zilivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Aliniamini kwa sababu sijawahi kumdanganya juu ya gitaa, na kweli mpaka dakika ile nilikuwa sijawahi.

Wimbo ukaanza. Dole gumba lake lilikwenda pale lilipozoea kwenda, na kila sauti ikatoka chini sana ya pale alipoitaka. Kinanda kilikuwa huku na besi kule. Akina dada wa sauti ya kwanza wakaanza kucheka ndani ya khanga. Akahama, akatafuta, akazidi kupotea, na kabla ya ubeti wa pili akaacha. Kashindye, ambaye alimpenda sana, aliangalia sakafu. Machibya akaniuliza kama gitaa limetyuniwa sawasawa. Nikalichukua na, bila kugusa kitu, nikapiga wimbo uleule mwanzo hadi mwisho, safi.

Ndipo aliposema, taratibu, "Basi ni masikio."

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, karibu na mashine. Wenzake wa zamu walikuwa wamepoteza usikivu mmoja baada ya mwingine, na yeye alikuwa anasubiri siku yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ingetosha sentensi moja. Badala yake nikajishughulisha na mkanda wa gitaa, nikiurefusha na kuufupisha.

Kaseti ilitoka na jina langu likiwemo. Ilipigwa mjini, ilipigwa kwenye vibanda vya Kigongo watu wakisubiri kivuko, na kila nilipousikia ule uzi mnene niliona aibu. Machibya aliacha kwaya, akahamia benchi la nyuma. Nilijiambia amezeeka tu. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Mwaka uliofuata mkewe, Mama Suzana, aliniita. Mzee ameamua kuuza besi yake, akasema, na anataka nikaityuni kwanza. Nilikwenda Jumapili mchana baada ya ibada. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchangamfu ulioniumiza, akanipa gitaa.

Akaniambia amejaribu mwenyewe lakini hawezi tena kujiamini, na hataki kumuuzia mtu kitu kibovu. Nikagusa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikarudia. Zote zilikuwa zimekaa mahali pake, na hapakuwa na hata mmoja wa kukaza wala kulegeza.

Nikamwambia yote. Sikupamba, sikujitetea, na machozi yalinitoka bila ruhusa yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalichukua gitaa lake akaliweka mapajani.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima?"

"Ni mazima, mzee. Hayakuwahi kuharibika."

 Ndani, Mama Suzana alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Ile Pasaka," akasema, "wazee wa kanisa waliponiwekea mikono kichwani, wakamwomba Mungu anirudishie usikivu. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kanisa zima liliitikia amina."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe?"

Nikamwambia na mimi niliitikia, tena kwa sauti kubwa.