Samaki wa Wakili Mugure

Kama hujawahi kukataliwa chakula na mtu mzima mwenye meno yote kinywani, huwezi kuijua hasira aliyokuwa nayo Adongo asubuhi ile. Alikuwa ameamka kwake Kamere, kando ya ziwa, akakaanga tilapia wawili wa haja, akawafunga vizuri na kuwabeba kupita Naivasha na Gilgil mpaka Nakuru, kwenye korido ya Mahakama ya Rufaa. Hapo akampata Natalie Mugure, wakili kijana mwenye miwani, akamnyooshea mzigo kwa mikono miwili.

"Nimekuletea kitu kidogo, madam. Samaki ya ziwa, si ya friji."

Mugure alirudisha mikono nyuma. "Asante sana, mama, lakini siwezi. Hata chai yako siwezi kunywa mpaka hii kesi iishe."

Kwa kina Adongo, anayekataa chakula chako amekukataa na wewe. Akamgeukia Khaemba, wakili wa mwanawe, ampe maelezo.

"Huyo si wetu, na si wa serikali," Khaemba akamwambia. "Anaitwa rafiki wa mahakama. Majaji wamemkubalia aje awaeleze sheria tu. Akikula samaki yako, watasema tumemnunua."

"Na rafiki ya mtoto wangu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Adongo alimtazama. Khaemba alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa ameshindwa kesi hiyo mara mbili. Na kwa kuwa yeye sheria haikumfunga mdomo, aliwala wale samaki wote wawili kabla majaji hawajaingia.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Majambazi walivamia duka la Mwaura pale Kamere usiku, wakamkata kwa panga na kumpora. Mwaura alisema mmoja wao alikuwa Ogada, mwana wa Adongo, kwamba alimwona kwa mwanga wa tochi na alimjua kwa sababu alizoea kununua sigara dukani. Ogada alisema alikuwa kwake amelala. Nani wa kumshuhudia mtu aliyelala peke yake? Akafungwa maisha, rufaa ya kwanza ikatupwa, na sasa ilikuwa imebaki hii ya mwisho. Wakimkataa hapa, Adongo angemzika mama yake na kuozesha mabinti zake mwanawe akiwa ndani, na siku yake mwenyewe ikifika, Ogada angeisikia tu kwa askari jela.

Khaemba alisema yake, mwendesha mashtaka akasema yake, kisha Mugure akasimama. Kiingereza Adongo alikisikia. Alikuwa amefika darasa la nane, na miaka ya kesi ilikuwa imemfundisha kilichobaki. Kwa hiyo alimsikia vizuri Mugure akiwaambia majaji kwamba kuna hukumu moja ya zamani ambayo pande zote mbili hazikuitaja, na kwamba ni haki waijue. Akaisoma. Shahidi mmoja anatosha. Hata usiku, hata kwa mwanga wa tochi, kama anamjua mtu, anatosha.

Mwendesha mashtaka akaanza kuandika kwa bidii. Khaemba akajishika kichwa. Jaji wa katikati akasema waende kwanza wakale chakula cha mchana.

Adongo alimfuata Mugure koridoni. Hakuinua sauti. "Hata serikali haikuwa na hiyo maneno, madam. Wewe ndiye umewapatia. Umenizikia mtoto."

Ungetegemea mtu ajitetee, au angalau ajifanye ana haraka. Mugure alisimama pale pale, akamtazama mama wa watu usoni. "Mama, sijamaliza kusoma," alisema.

Mchana akaendelea pale alipoachia. Hukumu ile ile, akasema, ina mguu wa pili. Shahidi anayedai alimjua mwizi ni lazima alitaje jina lake kwa mtu wa kwanza aliyemhadithia. Asipolitaja, mahakama iulize kwa nini kabla ya kumfunga mtu. Kisha akawakumbusha majaji lililokuwa wazi tangu mwanzo. Mwaura mwenyewe alikubali mbele ya hakimu kwamba majirani waliomwokoa aliwaambia hakumjua hata mmoja wa majambazi, na polisi aliwaambia hivyo hivyo. Jina la Ogada alilitaja baadaye, mtaa ulipokwisha kulinong'ona. Mahakama za chini zililisikia hilo zikalipita.

"Kwa hiyo unatuambia huyu kijana hana hatia?" jaji mmoja akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Hilo sikuja kulisema."

Adongo alifunga macho. Neno moja tu, na bado alimnyima.

Siku ya hukumu, majaji walisema wameitegemea sana kazi ya rafiki wa mahakama, kwa sababu aliwaonyesha upande unaouma na upande unaoponya kutoka hukumu moja, bila kuficha lolote. Ogada akaachiliwa. Adongo alilia mpaka kitambaa kikaloa. Alipomtafuta Mugure, kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumapili moja gari dogo lilisimama mbele ya kibanda cha samaki cha Adongo, Kamere. Mugure akashuka, bila koti jeusi, akaonekana mdogo kuliko alivyokuwa kortini.

"Mama, ile samaki yangu bado iko?"

"Ililiwa na Khaemba. Lakini ziwa bado liko." Adongo akamwelekeza kwenye benchi. Ogada ndiye aliyekuwa kwenye karai la mafuta, mkono mmoja kiunoni, akigeuza tilapia. Adongo akaketi karibu na mgeni na kuliuliza lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Kesi imeisha, hapa ni sisi tu. Niambie ukweli. Wewe uliamini hakufanya?"

Mafuta yalichachatika. Ogada aliacha kugeuza.

"Sijui, mama," Mugure akasema taratibu. "Sikuwepo. Nilichojua ni kwamba alifungwa vibaya."

"Nilikuwa nimelala, madam," akasema Ogada, bila kugeuka.

"Nimekusikia."

Neno lile lilimchoma Adongo, hakuna haja ya kuficha, kwa kuwa mama hutaka mwanawe aaminiwe na dunia nzima. Lakini alimtazama msichana huyu, angali kwenye benchi lake, anakingoja chakula chake, na hata sasa hawezi kumdanganya. Moyo wake ukamfungukia wote.

Akamchagulia tilapia mkubwa kuliko wote, akamwekea ugali na sukuma, akamletea maji ya kunawa yeye mwenyewe.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Ungesema ndiyo, ningejua hata kule kortini uliwadanganya."