Mtani Wangu Alipoanguka Thelujini

1.
Joto: hasi tisa. Upepo: hakuna. Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Februari, msituni, kaskazini mwa mji mmoja wa Norwe. Watu wawili. Mimi, Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mhandisi wa madaraja, mwaka wa saba hapa. Na Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, rafiki yangu tangu chuo, mwezi wa tatu hapa.

Naanza na mambo ya hakika kwa sababu yaliyobaki yananiaibisha.

2.
TANGAZO
Njia ya skii (mbao za kutelezea thelujini) imechongwa leo alfajiri. Ni marufuku kutembea kwa miguu ndani ya mifereji. Anayeanguka aondoke njiani mara moja ili wengine wapite.

3.
"Mbao zenyewe ndefu kuliko mimi!"
"Kunja goti. Sukuma, teleza. Sukuma, teleza."
"Mtumwa wangu leo ananifundisha kutembea?"
"Nani mtumwa? Babu yangu alimnunua babu yako kwa kibaba cha chumvi."
"Na wako akabeba mizigo ya babu yangu mpaka pwani. Ndiyo maana ukoo mzima hamna shingo."

4.
Kufika kilomita ya pili alikuwa ameshaupata mwendo. Jua lilipita kati ya misonobari, theluji ikawa na rangi ya waridi upande mmoja, buluu upande mwingine. Mbao zilinong'ona chini yetu. Kondo alikuwa mbele, anacheka peke yake, mvuke ukimtoka mdomoni.

Teleza.

Teleza.

5.
Kwako msomaji usiye na mtani: Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana sokoni, atakufanyia vituko hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Sharti ni moja. Anayetaniwa lazima aweze kujibu.

6.
Kwenye kona ya mteremko Kondo alianguka. Fimbo moja huku, moja kule, kofia mbali. Nyuma yetu wakatokea watu watatu wa ofisini kwangu, mbele yao Ingvild, mkuu wa kitengo. Aliuliza kwa Kinorwe kama mwenzangu ameumia.

Nikajibu kwa Kinorwe:

"Msijali. Ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua kwa chumvi."

7.
Ingvild alinikazia macho.

8.
Kisha mmoja wao akacheka. Alicheka muda mrefu, akimtazama Kondo aliyekuwa bado chini, halafu akanitazama mimi kama mtu aliyepewa ruhusa.

Nikacheka naye. Ningeweza kutocheka. Nilikuwa na muda wa kutosha wa…

9.
Maneno ya Kinorwe ambayo Kondo aliyajua siku hiyo, kwa makadirio yangu:
asante
mkate
baridi
kituo kinachofuata
mtumwa

Hilo la mwisho nilimfundisha mwenyewe, jikoni kwangu, ili anitanie nalo.

10.
Mimi ni Kondo. Jibu nilikuwa nalo. Lilinijia palepale chini, tamu, la kumfanya Mihayo atafute shimo la kujificha. Lakini lilikuwa kwa Kiswahili. Ningemjibu, naye angelisikia peke yake, na wale watatu wangeondoka na la kwake tu. Kwa hiyo niliokota kofia.

11.
Mihayo,
Kuhusu kauli uliyoitoa Jumamosi mbele ya wafanyakazi wenzako, unaombwa kuwasilisha maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa.
Ingvild

Rasimu ya kwanza: *Ni mila yetu.* Nikafuta. Ni kweli, lakini mila hiyo ina watu wawili.
Rasimu ya pili: *Mwenzangu alielewa kuwa ni mzaha.* Nikafuta. Sikumuuliza.
Rasimu ya tatu:

12.
Jumamosi iliyofuata nilibisha hodi kwa Kondo.

"Karibu, Bwana Mihayo."

Miaka kumi na moja hajawahi kuniita Bwana. Alinivutia kiti. Alinipokea koti, akalitundika vizuri. Akaweka maji jikoni.

"Nyie Wazaramo," nikasema, "hata chai mnapika kwa ngoma. Hapa tutakunywa kesho."

Nikangoja. Alikuwa amenipa mgongo. Maji yalianza kuchemka.

"Mzaramo we, nasema na wewe."

Akageuka na kijiko mkononi.

"Sukari vijiko vingapi, Bwana Mihayo?"