Tangi la Mama Zege

Siku ya tatu ya mafunzo ya kuwajengea uwezo wakandarasi wazawa, mkufunzi aliangaza ukutani picha ya tangi la maji juu ya nguzo sita, akasema, "Hii ndiyo kazi ya viwango. Tazameni zege lilivyotulia, halina hata tundu."

Mama Zege, aliyeketi safu ya nyuma, akainua mkono. "Asante kwa sifa, mwanangu. Hilo nimelijenga mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkandarasi mmoja mnene wa barabara za vumbi akamrushia, "Na uwanja wa ndege je, mama? Si wako vilevile?"

"Wa ndege siujui. Ila nguzo ya tatu hapo ilinitoa jasho la damu. Mbao zake tulizifunga na kuzifungua mara mbili."

Mkufunzi, kijana mstaarabu wa shati lililonyooshwa, akapekua karatasi zake. "Hapa lipo jina la kampuni ya kigeni, mama."

"Kampuni ilipewa kazi. Mikono ilikuwa yangu."

"Basi una bahati! Waombe wakuandikie barua ya kuthibitisha kwamba ulilijenga wewe. Kazi moja tu ya zege la kuhifadhi maji, unapanda kutoka daraja la saba la ukandarasi hadi la tano."

Kana kwamba hayajui! Zahanati ya mtaani kwake, alikojifungulia wanawe wanne kwa maji ya ndoo, ilikuwa inatafuta wa kuijengea tangi, na tangazo lilisema wazi kwamba aliye chini ya daraja la tano asijisumbue. Dirisha la maombi ya kupanda daraja, kwenye ofisi ya usajili wa wakandarasi, lingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Na hayo mafunzo yenyewe hayakuwa ya kwanza. Miaka ishirini na miwili watu hawa wanajengewa uwezo. Mwaka wa kwanza walifundishwa kujaza fomu. Mwaka uliofuata walifundishwa kujaza fomu mpya, maana zile za kwanza zilifutwa. Waliofundisha wamestaafu na nyumba zao nzuri. Waliofundishwa wangali daraja la saba, wanapewa kalamu na soda.

Alhamisi akaenda kwenye yadi ya kampuni na mdogo wake, msimamizi wa mafundi wake, ambaye kila mtu alimwita Nyapara. Mhandisi wa wakati wa tangi alikuwa amesharudi kwao. Aliyeshika nafasi yake aliwapokea vizuri, akawapa viti, akafungua daftari la kila siku la saiti.

"Siku ya kumwaga zege," akasoma, "vibarua wetu arobaini. Msimamizi, mwanamke mmoja."

"Mwanamke mmoja ndiye mimi."

"Sikatai, mama. Lakini mkataba wako na sisi uko wapi?"

Mkataba ulikuwa uandikwe. Mhandisi yule wa zamani alimwambia kwamba kumwingiza kama mkandarasi mdogo kunataka kibali cha mwenye mradi, miezi mitatu, na mvua ziko mlangoni. Ingieni tu kama vibarua wetu, alisema, karatasi zitafuata. Naye akaingia. Tena kwa furaha! Aliwapanga mafundi wake mstari mmoja, akawavisha vizibao vya njano vyenye nembo ya kampuni, akawapiga picha kwa simu yake mwenyewe.

"Huwezi kuandika hata mistari miwili?" Nyapara akauliza.

"Nikiandika, nimekiri kwamba tuliwapa kazi watu bila kibali. Mwenye mradi atatufukuza nchini."

"Kwa hiyo wewe usifukuzwe, dada yangu afutike."

"Nyapara, nyamaza," Mama Zege akasema.

Ijumaa saa nne alikuwa dirishani. Karani, dada mpole wa miwani, aliichukua simu akapitisha picha moja baada ya nyingine, zote arobaini na kitu.

"Mama, hawa ni wafanyakazi wa kampuni."

"Huyo wa katikati ni mimi. Nitazame usoni."

"Uso nauona. Ila umevaa nguo yao."

"Mwanangu, mtu huvuliwa kazi yake kwa sababu ya nguo?"

Karani akavua miwani, akaifuta. Alionekana kuumia kweli, na hilo ndilo lililokera zaidi, afadhali angefoka. "Mimi naingiza karatasi tu, mama. Hiki cheti cha mafunzo ninakipokea. Kitakaa kwenye faili lako."

"Kitanisaidia nini?"

"Kinaonyesha kuwa umejengewa uwezo."

Mama Zege akasimama pembeni, watu wakipita mbele yake na bahasha zao nene. Saa sita kasoro dakika mbili karani alimtazama mara moja zaidi, kisha akashusha pazia.

Kazi ya zahanati ikachukuliwa na kampuni ile ile. Wiki ya pili yake mhandisi yule wa yadini akapiga simu. Mama Zege alikuwa uani na Nyapara, mafundi sita wamekaa juu ya matofali, mwezi wa tatu huo bila saiti; akaiweka simu kwenye spika.

"Mama, habari za siku? Tunaomba watu wako. Wale wa tangi."

"Wale wa nini?"

"Wa tangi. Wale wale, hatutaki wengine. Bila nyinyi zege lile halitoki."

"Basi niandikie hivyo hivyo ulivyosema. Kwa maneno yako hayo hayo."

"Hayo ni ya ofisini, mama, unajua. Mtaingia kama mara ile. Mnaweza kuanza Jumatatu?"

Nyapara alikuwa anamtikisia kichwa, hapana, hapana, dada, hapana. Nyuma yake mafundi sita walikuwa wameshasimama na kujikung'uta suruali.

Mama Zege akawapa kisogo wote.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza.