Alama ya Alhamisi

Taib bin Jamaldin alikuwa fundi saa, na duka lake lilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao, kichochoro cha pili ukitoka Ngome ya Yesu. Nyuma ya duka palikuwa na ghala, na humo ndimo alimojenga, kwa miaka miwili, mashine ya kuandika mitetemeko ya ardhi. Ilikuwa fimbo ya shaba iliyobeba uzito wa madini ya risasi, na sindano nchani. Sindano iligusa karatasi iliyopakwa masizi ya taa, na karatasi ilizungushwa polepole na saa ya mezani. Ardhi ikitikisika, sindano huchora.

Mwaka wa 1964 iliandika tetemeko la Alaska asubuhi ile ile, redio ikaja kulitaja baadaye. Kwa wiki nzima watu waliingia dukani kuitazama karatasi. Lakini siku nyingi hapakuwa na Alaska. Palikuwa na malori ya Shimanzi, gari moshi, na baruti za machimbo ya mawe ng'ambo ya daraja la Nyali. Alama hizo Taib alizijua kama mtu ajuavyo kikohozi cha watu wa nyumbani kwake. Asizozijua aliziandika katika daftari, tarehe na saa, na mbele yake neno "haijulikani".

Mwezi wa Juni 1966 akamwoza bintiye Mwanabaraka. Alhamisi ya wiki ile ya arusi mashine ilichora alama asiyoijua: mkwaruzo mkali kama wa baruti, kisha mtikisiko mrefu wa sekunde tisa. Aliiandika kwenye daftari lake, akarudi kwa wageni.

Dama, aliyekuwa akimfulia nguo Mwanaesha, mkewe Taib, hakuja kazini kwa wiki tatu. Aliporudi alikuwa amekonda, na kaniki aliyojifunga ilikuwa ya matanga. Mumewe, Jefwa, alikuwa amefia machimboni.

"Siku gani?" Taib akamuuliza.

"Alhamisi ile mlipokuwa na arusi. Ukuta wa mawe ulimwangukia. Msimamizi asema king'ora kililia saa kumi kamili, baruti ikawashwa saa kumi na dakika tano, na kwamba Jefwa alirudi shimoni kwa ukaidi wake. Shemeji yangu Thoya alikuwa huko. Yeye asema baruti ilitangulia, king'ora kikafuata. Lakini Thoya ni mchukuzi wa mawe. Nani atamsikiliza?"

Taib aliingia ghalani, akatoka na karatasi. Akamwonyesha Dama ule mkwaruzo. Hii ni baruti, akamwambia. Na huu mtikisiko mrefu ni ukuta ukianguka. Kisha akapima kwa rula. Saa kumi kasoro dakika tatu, kabla ya king'ora.

Dama aliitazama karatasi muda mrefu bila kuigusa. "Kwa hivyo hakuwa mkaidi," akasema.

"Hakuwa."

Akaketi pale pale sakafuni, akalia. Taib alijiona amefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwake. Alimwandikia hakimu barua mwenyewe, na jibu likaja kwamba uchunguzi wa kifo cha Jefwa utafunguliwa siku ya Jumanne, na fundi Taib atasikilizwa.

Jumamosi alifungua daftari ili anakili hesabu zake vizuri. Saa ya mashine ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Siku nyingine haikukosa hata nusu dakika, siku nyingine ilichelewa dakika mbili, kutegemea joto. Ndiyo maana kila jioni aliilinganisha na redio, akairekebisha na kuandika tofauti pembeni. Akatafuta wiki ile. Jumatatu patupu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi patupu pia. Redio ilikuwa juu kwa wanawake, wakiisikiliza taarabu, na yeye alikuwa akipokea wageni. Ijumaa aliirekebisha saa. Aliikumbuka mikono yake ikisogeza akrabu ya dakika. Imesogea kiasi gani, hakuandika, na hakukumbuka.

Siku nne. Huenda saa haikuchelewa kitu. Huenda ilichelewa dakika nane, na dakika nane zingeipeleka ile alama mpaka saa kumi na dakika tano, vile vile alivyosema msimamizi.

Alimweleza Mwanaesha. Mkewe akauliza, "Nani mwengine ajua?"

"Mimi na Mungu."

"Basi wewe usiseme. Wewe ni fundi saa. Hakuna atakayekuuliza."

Hakusema. Jumapili Dama alimletea maandazi yaliyofungwa kitambaani, akayapokea. Jumatatu hakufungua duka.

Wakili wa machimbo alikuwa mtu mpole. Aliisifu mashine, akauliza inavyofanya kazi, akamwacha Taib aeleze mpaka aliposahau hofu. Ndipo akauliza, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Na saa hii, fundi, mara ya mwisho kuihakiki kabla ya Alhamisi ilikuwa lini?"

Taib alikuwa ameapa kwa msahafu. Hakumtazama Dama.

"Jumapili," akasema.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Karatasi ikakataliwa, akarudishiwa. Thoya aliulizwa kama ana saa ya mkononi, akasema hana. Hakimu akaandika kwamba Jefwa alikufa kwa ajali iliyotokana na uzembe wake mwenyewe.

Nje, Dama alimngoja chini ya ngazi.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Nami Jumapili nikakuletea maandazi." Sauti yake haikupanda. "Kabla yako, bwana Taib, nilikuwa mjane tu. Watu wa kwetu walimwamini Thoya, hata mimi nilimwamini. Sasa imeandikwa kortini. Wanangu watasomewa."

Taib alitaka kusema kwamba ile alama huenda ilikuwa ya kweli, kwamba yeye mwenyewe aliamini hivyo, lakini aliona kuwa imani yake haimfai mtu yeyote. Thoya akamshika shemejiye mkono, wakaondoka kuelekea stendi ya mabasi ya Kaloleni. Dama hakurudi kufua tena.

Gazeti liliandika habari fupi ya fundi saa aliyeshindwa na saa yake. Wateja walipungua, na Taib hakuwalaumu. Jioni alizima taa ya duka mapema, akaketi ndani na mlango umefungwa. Mwanaesha akimwita kula, alijibu kwamba anakuja, na chakula kikapoa.